Udongo wa Chini ya Mtungi

Wiki iliyopita walikuja vijana watatu nyumbani kwangu, kofia zimegeuzwa nyuma, wakaniamkia kwa haraka ya mtu aliyeacha chungu motoni. "Bibi, tupe mchongo wa wale samaki wa rangi." Nimefanya kazi hiyo miaka ishirini na kitu, magoti yangu mawili yameishia humo, na wao wanataka mchongo kabla injini ya bodaboda haijapoa. Nikawaambia wakae. Mmoja akauliza kama kuna kiti, nikamwonyesha ndoo aigeuze, maana ndoo ndiyo kiti cha kazi hii. Robo saa haikufika, simu ya mmoja ikaita na wote watatu wakasimama. Wakati wa kuaga, yule aliyekalia ndoo akaniuliza swali moja. Nilimjibu, na jibu nitalifikia, lakini nataka mjue kwanza lilitoka wapi. Nimeamua kuandika kwa sababu karatasi haipigiwi simu.

Haya, nyie vijana wa Kibiti, tunazungumzia nini? Ni visamaki visivyofika urefu wa kidole cha kati. Dume amevaa rangi zote zilizopo dukani, ubavu wa buluu, mkia mwekundu, mapezi ya madoa. Jike ni wa kijivu, hana mapambo, na kazi zote ni zake. Hapo sina haja ya kuwaeleza zaidi, mmekulia majumbani mwa watu. Havikai mto Rufiji wala kwenye mabwawa makubwa. Vinakaa kwenye madimbwi ya mvua, yale yanayojaa masika na kukauka kiangazi, ambayo nyie mnaoshea pikipiki. Dimbwi likikauka vinakufa vyote. Mvua ikirudi, vipo tena.

Tulipokuwa wadogo tuliambiwa vinadondoka na mvua. Mimi niliamini mpaka nina watoto wawili. Siku moja mvua kubwa inapiga nikatoa beseni uani nivikinge, nikavuna maji na kandambili moja ya jirani. Ukweli niliufahamu baadaye. Majike hutaga mayai ndani ya tope, na tope likikauka mayai yanabaki humo miezi na miezi, yamelala, yanasubiri. Huko Ulaya watu huvifuga ndani ya vioo sebuleni, wakamaliza jioni nzima wanavitazama. Sikuwacheka. Nawaona nyie mnavyotazama simu.

Nilianza kazi bila kujua kwamba ni kazi. Mimi na wifi yangu, Bi Pili, dada yake marehemu mume wangu, tulikuwa tukitanda madimbwini. Kutanda ni kushika kanga huku na huku, mnaizamisha, mnatembea nayo taratibu, kisha mnainua kwa pamoja. Kambare wadogo na perege tulikuwa tunapeleka jikoni. Vya rangi tulivitupa, kwa sababu wifi alisema samaki aliyejipamba vile hawezi kuwa na nia njema. Siku moja tukapita dukani kwa Bwana Jayanti pale Kibiti, tunanunua chumvi, na visamaki viwili vya rangi vilikuwa vimenaswa kwenye pindo la kanga yangu, vinarukaruka. Bwana Jayanti aliacha kupima chumvi ya watu. Akatoa kikombe chake cha chai, akamwaga chai, akavitia humo.

Nyuma ya duka lile, nyuma ya magunia ya sukari na makopo ya misumari, alikuwa amepanga vioo vya samaki ukuta mzima. Babake alikuwa na ugonjwa huo huo. Ndugu yao mmoja Dar es Salaam alikuwa anasafirisha visamaki kwa ndege. "Mama Tatu," akaniambia, maana binti yangu mkubwa ni Tatu, "niletee hivi, vingi, vikiwa hai."

Nikaleta. Nilitanda asubuhi nzima, nikajaza ndoo. Nilipofika Kibiti nikaiangalia ile ndoo na kuona aibu. Maji yenyewe ni tope tupu, rangi ya uji wa ulezi, nayo naipeleka kwa mtu wa watu. Nyumbani kwetu mtu hapelekewi kitu kichafu. Basi nikaenda bombani, nikamwaga yale maji machafu, nikaviosha visamaki vyangu kwa mkono kimoja kimoja, nikavitia kwenye maji ya bomba yanayong'aa, yenye dawa, ya baridi. Nikaingia dukani kifua mbele. Tulipofunua ndoo, vyote vilikuwa vinaelea matumbo juu, safi kabisa.

Bwana Jayanti alivigeuza kwa kidole, kimoja kimoja. Hakunigombeza, na ndiyo maana nilimpenda mpaka siku yake ya mwisho.

"Mama Tatu," akasema, "hawa walikuomba kuwaogesha?"

Kwa hiyo somo la kwanza ni hilo. Samaki husafiri na maji yake. Yawe machafu, yawe yananuka, ndiyo nyumba yake. Ukitaka kumbadilishia, unampa kikombe kimoja cha maji mapya, unakaa, unampa kingine. Najua neno "unakaa" linawakera. Kazi hii karibu yote ni kukaa.

La pili, usiweke madume pamoja. Nyie mna vijiwe, mnajua mambo yanavyokuwa. Ukitia madume sita ndani ya chupa moja, ukifika Dar una dume mmoja aliyechoka na mapezi ya wenzake chini. La tatu, mfuko wa plastiki uwe na maji kidogo na hewa nyingi. Kila mwanafunzi niliyemfundisha alijaza maji mpaka shingoni kwa huruma, akaviua kwa huruma hiyo hiyo. La nne, usivilishe siku moja kabla ya safari. La tano ni jani kavu la mti wa mkungu. Unalitia ndani ya ndoo, maji yanakuwa kama chai ya rangi, na visamaki vinatulia. Hilo hakunifundisha mtu. Jani liliangukia ndoo yangu moja, na siku ile ndoo nyingine zote zilipata vifo isipokuwa ile. Bwana Jayanti alipoambiwa akaenda kuokota majani ya mkungu mwenyewe, na watu wa Kibiti wakasema Mhindi wa duka la pale amechanganyikiwa.

Wazungu nao walikuja. Mmoja tulimwita Bwana Henriki, mrefu kama mlingoti wa bendera, ana viatu vya mpira mpaka kiunoni na wavu uliokuja na begi lake lenyewe. Nilimpeleka njia ya Mahege. Akaingia dimbwini, akazamisha wavu, viatu vikajaa maji, akakaa. Hakukusudia kukaa. Mimi na wifi tulitanda kanga yetu mara mbili tu, tukamwekea visamaki zaidi ya alivyokuwa ameandaa mifuko. Aliomba kuinunua ile kanga. Wifi akamwambia kanga ina jina lake na maneno yake, haiuzwi, akaoshe wavu wake.

Bwana Henriki ndiye aliyenionyesha mayai. Kiangazi alirudi, dimbwi limekauka mpaka linapasuka, akachukua bonge la udongo mweusi, akalivunja chini ya kioo cha kukuzia. Nikaona punje, ndogo kuliko mbegu ya mchicha, na ndani ya punje macho mawili. Nililia kidogo, sioni haya kusema. Miaka yote ile nilikuwa nakanyaga watoto wa watu. Akajaza udongo kwenye mifuko akaondoka nao kwa ndege, na wifi akauliza kama huko kwao wote wanaishi juu ya mawe.

Sasa nifike kwenye dhambi yangu, maana hadi hapa mnaniona mtu wa maana.

Kijijini kwetu, nyuma ya ghala bovu la korosho, kulikuwa na dimbwi moja. Dogo, unalizunguka ukiwa bado unaongea sentensi ile ile. Visamaki vya pale havikufanana na vya dimbwi lolote jingine. Dume alikuwa wa buluu mwili mzima, buluu ya usiku wa mwezi, na mkiani ana mstari mwekundu kama mtu aliyepaka hina kwa uangalifu. Bwana Jayanti alisema hajawahi kuona. Bwana Henriki aliketi chini, safari hii kwa hiari. Mimi nikaona huu ndio ufalme wangu, nikaanza kuulinda kwa silaha niliyokuwa nayo, yaani mdomo.

Kila aliyeuliza kuhusu dimbwi lile nilimwambia, "Pale hakuna kitu. Vyura tu." Nilisema hivyo kwa majirani, kwa wavuvi, kwa watoto. Walikuja wanaume wawili na pikipiki kutoka Dar, wenye kazi kama yangu, wakauliza kwa adabu. Nikawaambia hapa hakuna kitu, waende Maparoni huko deltani, kuna visamaki hata kwenye nyayo za ng'ombe. Maparoni maji yana chumvi, visamaki vyetu havikai. Walirudi siku ya nne wamevimba kwa mbu, mmoja hana kiatu, wakanishukuru wakidhani wao ndio hawakutafuta vizuri. Nilicheka wiki nzima. Cheko lile nimelilipa.

Hata wifi nilimdanganya. Kwetu kila kiangazi wanawake huchimba udongo mweusi kwenye madimbwi yaliyokauka, wakaukanda, wakakandika majiko na kurekebisha kuta. Wifi alipotaka kuchimba nyuma ya ghala nikamwambia udongo ule una chumvi, ukuta utamwagika. Akaniangalia, akaenda kuchimba mbali. Miaka yote hiyo alitembea na karai kichwani kwa ajili ya uongo wangu.

Kisha akaja mtendaji wa kijiji na daftari. Anaandika maeneo ya maji, lipi lina matumizi, lipi halina. Alikuwa kijana wa heshima, amevaa shati la mikono mirefu kwenye jua lile. Akasimama nami ukingoni.

"Shikamoo bibi. Nyie ndio wataalamu. Hili nalo liandikwe nini?"

Fikirieni. Mtu wa serikali na kalamu yake ananiuliza mimi, mwanamke aliyefika darasa la nne, niandikishe nini. Ningeweza kusema neno moja. Lakini niliona daftari litasomwa, na wakisoma watakuja, na wakija nitagawana ufalme.

"Andika hakuna kitu," nikasema. "Vyura tu."

Akaandika. Akanishukuru kwa ushirikiano.

Kiangazi cha mwaka juzi goti langu la kushoto lilikataa kazi, nikalazwa hospitali ya Mchukwi. Nililala pale majuma matatu, mguu umefungwa, nikiwaeleza wauguzi habari za visamaki mpaka wakaanza kupita kitanda changu kwa mwendo wa kasi. Niliporudi nilipita njia ya ghalani ili nilione dimbwi langu likiwa kavu, nijue mvua zikija nina kazi. Sikuliona. Palikuwa na uwanja wa kifusi chekundu umeshindiliwa, na malori manne ya tipa yamepangwa juu yake. Kulikuwa na barabara inatengenezwa, na malori yalihitaji mahali pa kulala.

Nilimwendea msimamizi na gongo langu la kutembelea nikapiga kelele zote. Alikuwa mtu mpole, jambo lililoniudhi zaidi. Akanisikiliza, akaingia kwenye kibanda chake, akatoka na karatasi.

"Mama, sisi hatukuvamia. Tuliuliza ofisini. Soma mwenyewe."

Nikasoma. Eneo la nyuma ya ghala, dimbwi la msimu, halina matumizi wala viumbe vya maana, kwa maelezo ya mtaalamu wa samaki wa kijiji, Bi Mwajuma. Ndiyo mara ya kwanza jina langu kuandikwa kwenye karatasi ya serikali pamoja na neno mtaalamu.  Nilitaka kumlaumu mtu, nikamtafuta, nikajikuta peke yangu.

Nyumbani nililia mpaka wifi akadhani wamenikata mguu. Bwana Jayanti alikwishafariki, vioo vyake vimekuwa rafu za sabuni. Nikamtumia ujumbe Bwana Henriki, kama ana mbegu yoyote ya samaki wa buluu. Akajibu kwamba wake walikwisha siku nyingi, walibaki madume matupu, wakafa wakiwa wazee. Akauliza kama ninaweza kumpelekea wengine. Kwa hiyo duniani kote, kwa kadiri tulivyojua sisi wawili, samaki yule alikuwa chini ya malori manne, na mimi ndiye niliyetoa kibali.

Nilijaribu kufukua. Msimamizi alinipa ruhusa nichimbe pembeni, nadhani kwa kuniogopa. Nilichimba kwa jembe la mkono siku mbili, nikakuta kifusi juu ya kifusi, kimeshindiliwa kama sakafu ya msikiti. Sikuufikia udongo mweusi. Goti likavimba tena.

Masika ya mwaka jana yakakaribia. Asubuhi moja nimekaa jikoni kwa wifi, tunaishi ua mmoja, yeye anakuna nazi, mimi nanuna. Nikautazama ukuta wa jiko. Umekandikwa upya, mweusi, unang'aa.

"Wifi," nikasema, "udongo huu ulichimba wapi?"

Akaendelea kukuna. "Ulipokuwa Mchukwi. Nyuma ya ghala."

"Nilikwambia una chumvi!"

"Uliniambia. Mwaka wa kwanza nilikwenda nikaulamba. Hauna chumvi, hauna chochote. Nikajua wifi yangu ana siri, nikakuachia siri yako. Safari hii hukuwepo, na mimi kichwa kimechoka kubeba karai kutoka mbali. Walikuja na katapila siku ya tano tangu nichimbe."

Vijana, nilinyanyuka bila gongo. Nilichukua panga nikaanza kubandua ukuta wa jiko lake, naye amekaa juu ya mbuzi ya nazi, hajui aite nani. Niliacha tundu ambalo mbuzi wa miguu minne angepita. Nikaloweka mabonge kwenye mabeseni matatu, maji ya mvua, jani la mkungu, kila kitu kwa utaalamu. Nikakaa. Siku ya kwanza hakuna. Siku ya tatu hakuna. Siku ya tano nikapata viluwiluwi vya mbu, wengi, wenye afya.

Baadaye ndipo nilipofikiri kama mtu mwenye akili. Udongo wa kukandika hukanyagwa kwa miguu mpaka ulainike, ukachanganywa na majivu, ukapakwa, kisha ukala moshi wa kuni kila siku. Yai gani litavumilia hayo? Utaalamu wangu wote ulikuwa umeniletea mbu na tundu ukutani. Nikamwambia wifi basi, nimewaua, tusizungumze tena. Nilikuwa nasema kweli. Nilihisi kama nimefiwa, nikaona aibu kusema nimefiwa na nani.

Wifi hakunifariji. Alikuwa na ukuta wa kugombea.

"Jiko langu lina dirisha sikuliomba," akasema. "Mtungi wangu nao kiti kinamong'onyoka kila siku, maji yanakilowesha. Udongo wenyewe mbaya huo, na wewe unaulilia."

"Kiti gani?"

"Cha mtungi! Udongo ulibaki, nikachoka kukanyaga, nikabandika mabonge hivyo hivyo pale pembeni, nikakalisha mtungi. Tangu siku ile hakijawahi kukauka."

Naomba mnielewe, hasa nyie mnaojiita mafundi. Mtungi wa udongo hutoa jasho. Maji yanapenya kidogo kidogo, ndiyo maana yanakuwa baridi. Udongo uliokaa chini yake haukukanyagwa, haukutiwa majivu, haukuona moshi wala jua. Ulikaa kwenye giza, una unyevu kiasi, si mkavu wala si maji, miezi sita. Bwana Henriki alikuwa na sanduku maalumu kule kwao la kuhifadhia mayai namna hiyo hiyo, lina kipimo na taa. Wifi yangu alilitengeneza kwa uvivu.

Tulibeba mtungi sote wawili. Nilitoa kile kiti kwa mikono, bonge kwa bonge, kama mtu anayemtoa mtoto kitandani. Nikayalaza kwenye beseni, nikamimina maji ya mvua yenye baridi, vidole vinne tu. Nikasema sitazami. Nikaenda kufagia uwanja uliokwisha kufagiwa.

Kesho yake asubuhi wifi alitangulia kuamka. Nilimsikia anaita, si kwa sauti yake ya ugomvi.

"Wifi. Njoo. Maji yako yana macho."

Nilipiga magoti, magoti haya haya. Kulikuwa na vitu kama unywele uliokatwa, na kila unywele una macho mawili, vinajongea kwa kustuka. Tukahesabu, tukapoteza hesabu, tukahesabu tena. Kumi na saba. Wifi alinishika bega akaanza kulia, na mimi nikamwambia asidondoshee machozi ndani, yana chumvi. Akasema sasa ndiyo nimekumbuka chumvi. Tulicheka mpaka jirani akaja kutazama.

Kuvilea ni kazi yenye masharti. Chakula cha kwanza ni kidogo kuliko macho yenu yanavyoweza kuona. Chukua maji ya kijani yaliyokaa kwenye pipa, dondosha kidogo kidogo. Usitie ukoko wa ugali, utaoza. Baada ya juma, viluwiluwi vya mbu vichanga, uvichuje kwa kifumbu cha kuchujia tui, na ukichukue kifumbu cha mwenyewe bila kumwambia. Wakafa wanane, kila mmoja nilimjua. Wakabaki tisa. Juma la tano mmoja akaanza kubadilika ubavuni. Nikasogeza beseni kwenye mwanga. Buluu.

Sasa vikae wapi? Beseni si maisha. Nikakumbuka kwamba kifusi kilichofukia dimbwi langu kilichimbwa mahali, ng'ambo ya barabara, wakaacha shimo kubwa linalokusanya maji ya mvua. Shimo lina maji, halina udongo mweusi, na bila udongo mweusi mayai hayana kitanda. Tulibeba udongo kutoka bondeni kwenye mashamba ya mpunga, karai kwa karai, wanawake wawili wazee. "Nikifa njiani," wifi akasema, "mwambieni kaka yangu huko aliko kwamba mkewe alinibebesha matope kuyapeleka shimoni."

Kabla ya kuvimwaga nilikwenda mkutano wa kijiji. Nikainua mkono, nikapewa nafasi, mtendaji yupo na daftari lake. Nikawaambia watu wote kwamba nyuma ya ghala palikuwa na kitu, hakikuwepo kwingine, na mimi nilisema hakuna kwa choyo. Kuna mzee alisema ni visamaki tu. Kuna mama akauliza ndiyo maana nilimkataza kuchota maji pale? Nikasema ndiyo. Nilitamani goti liniume nipate sababu ya kukaa. Mtendaji aliuliza shimo la ng'ambo aliandike nini. Safari hii nilimtajia yote, urefu, rangi, mwezi wa kujaa, mwezi wa kukauka, na kwamba udongo wake usichimbwe. Ilimchukua ukurasa. Kisha tukavimwaga mchana, watu wanaona.

Shimo lilikauka kiangazi. Visamaki vyote tisa vikafa, kama ilivyo desturi yao, na mimi nikapita pale kila Ijumaa kutazama tope linavyopasuka. Sikuwa na hakika ya chochote. Mngeniuliza wakati ule ningewajibu kwa jeuri tu. Mwaka huu mvua zilipoanza nilikaa ndani siku tatu kwa woga. Siku ya nne wifi akanivuta. Tukafika, akainama yeye, mimi nikaangalia barabarani.

"Haya, wifi," akasema. "Yanatutazama."

Kwa hiyo vijana watatu walipokuja wiki iliyopita, na yule wa ndoo akaniuliza wakati wa kuondoka, "Bibi, kwani pale kwenye shimo la kifusi kuna kitu?", mdomo wangu ulifunguka wenyewe kwa mazoea ya miaka ishirini. Vyura wote walikuwa wamejipanga kwenye ulimi. Wifi aliacha kuchambua mchele akanikazia macho.

"Kuna," nikasema.

"Na bakora ya kumchapa anayevua ipo," akasema wifi, akaendelea na mchele.